Neno "con" limeniharibia kazi Zaragoza, naombeni ushauri

Binti Pangani:
Habari zenu wakuu. Nipo Zaragoza, Hispania, mwaka wa pili, namtunza mzee wa watu. Kihispania nimekiokota jikoni. Ijumaa binti yake, ndiye anayenilipa, aliniandikia: "Cuento contigo el domingo." Contar najua ni kuhesabu, na mshahara wa mwezi namdai. Nikaelewa Jumapili atanipigia tuhesabiane. Ni siku yangu ya mapumziko, nikakaa kwa rafiki nikingoja simu. Kumbe alitaka niende kazini. Sasa hapokei simu zangu. Niombe radhi au nitafute kazi nyingine?

Mwalimu Kauli:
Dada, contar peke yake ni kuhesabu au kusimulia. Ikifuatwa na con, inakuwa kutegemea. Alikwambia "nakutegemea Jumapili." Con imejificha ndani ya contigo, ndiyo maana hukuiona. Sisi tunabadilisha kitenzi chenyewe: mtu anahama Tanga, anahamia Tanga, herufi moja tu na safari imegeuka. Wao kitenzi wanakiacha kama kilivyo, wanabadilisha kineno kinachokifuata.

Kibarua wa Machungwa:
Yalinikuta Valencia! Msimamizi kaniambia "no dejes de venir mañana." Nikasikia no, nikasikia dejes, nikadhani nisije, nikalala mpaka saa nne. Kumbe ni "usiache kuja" yetu hii hii.

Mama Halima:
Mambo ya mshahara huyaandiki kwenye simu, mwanangu, nenda mkaonane. Na huyo mzee, Jumapili nani alimpa dawa?

Mwalimu Kauli:
Mtu hasusi simu kwa Jumapili moja. Ulimjibu nini? Weka ujumbe wenyewe.

Binti Pangani:
Jumatatu alinigombeza sana. Nikaandika: "Voy a acabar con usted." Nilikusudia tumalizane, anilipe niondoke. Begi nimeshafunga na chumba nimekilipia. Radhi simwombi mtu ambaye namdai.

Mwalimu Kauli:
Ndiyo hiyo sasa! Ungesema "acabo de llegar," ni ndiyo kwanza nimefika. Lakini acabar con mtu ni kummaliza. Umemwandikia "nitakumaliza," na baba yake yuko mikononi mwako! Hata kwetu "tumemalizana" na "nimekumaliza" ni kesi mbili tofauti polisi.

Ngalawa:
Hii chai. Cuento kwa Kihispania pia ni hadithi, na ndiyo tuliyopewa. Mwanzoni hapokei simu tu, mara kuna ugomvi wa Jumatatu, mara chumba kimelipiwa. Mwaka wa pili huko na hujui contar con?

Mama Halima:
Mwache, Ngalawa. Mtu mwenye hofu hasemi yote kwa mkupuo.

Binti Pangani:
Kaka Ngalawa, kutwa niko na mzee asiyesikia vizuri. Maneno yangu ni sopa (supu), pastilla (kidonge), despacio (polepole). Con naijua ya café con leche, kahawa na maziwa. Na ujumbe wa Jumatatu niliuficha kwa sababu nilishaanza kuhisi una kasoro.

Mwalimu Kauli:
Tuma hivi, sasa hivi: "Perdone, me equivoqué. Quise decir que dejo el trabajo." Yaani samahani, nilikosea, nilitaka kusema naacha kazi. Dejo bila de.

Binti Pangani:
Perdone nimeiweka, kwa ajili ya mzee. Kuondoka naondoka. Tiki mbili za buluu... Amejibu: "Hablamos mañana." Hapo hakuna kineno cha kunitega, mwalimu?

Mwalimu Kauli:
Hakuna. Mtaongea kesho.