Tupeane uzoefu: Mkono unaouma baada ya kiharusi

MtuWaUyole: Wadau, leo asubuhi pale Kabwe, Mbeya, vijana wawili wamemshusha mzee kwenye bajaji kwa kumvuta mkono uliopooza. Mzee kalia kwa sauti, waliosimama wanasema ndiyo kawaida ya kiharusi. Si kawaida! Bega hushikiliwa zaidi na misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unalivuta chini, na ukipapasa chini ya ncha ya bega unakuta kishimo kinachoingia kidole. Ukivuta hapo unaumiza nyama za ndani. Mnyanyueni kwa kanga iliyofungwa kiunoni, au weka kiganja chako nyuma kwenye bapa la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni. Mnaouguza nyumbani huku Nyanda za Juu, mnafanyaje?

Mama_Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana. Ongeza na shati: mkono mgonjwa uingie wa kwanza, utoke wa mwisho. Watu wanaanza na mzima, halafu ule mgonjwa wanaupinda nyuma kuutafutia mkono wa shati.

Dada_Njombe: Kweli tupu.

KamweneMafinga: Kamwene wote. Usiku ndiko kunakoharibika zaidi. Akilala chali, mto mmoja chini ya bapa la bega, mwingine chini ya mkono mgonjwa wote mpaka vidoleni, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko. Akilalia upande mgonjwa, bega livutwe mbele kidogo kwa kushika bapa lake, asililalie lenyewe. Akikaa, mkono uwe mezani au juu ya mto mapajani. Ukining'inia pembeni ya kiti, jioni kiganja kimevimba.
Zoezi la kuanzia ni la meza. Tandika kitambaa, aweke mikono yote miwili juu yake, asukume mbele taratibu huku kiwiliwili kikiinama, arudi. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ile kamba ya kupitisha juu kwenye kenchi na kujivuta mkono isifungwe kabisa. Inapandisha mkono wakati bapa la bega halijazunguka, na nyama zinabanwa kati ya mifupa. Anayemnyooshea asipite usawa wa bega mpaka mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, amwonyeshe namna.

Kijana_Mwanjelwa: Sisi tunampa mpira wa tenisi aminye kutwa, vidole vipate nguvu.

MtuWaUyole: Kaka, vidole vyake vimelegea au vimekunjika ngumi?

Kijana_Mwanjelwa: Vimekunjika.

MtuWaUyole: Basi uondoe. Nguvu ya kukunja anayo tayari, anachokosa ni kufungua.

Babu_Iringa: Msimkatishe tamaa kijana. Wapo waliopona kwa mpira huohuo.

MtuWaUyole: Shikamoo babu. Wapo, ambao mkono wao ulikuwa umelegea na unaanza kurudi. Ngumi ni jambo jingine. Ngumi inafunguliwa hivi: kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, vidole vitalegea vyenyewe. Toa kidole gumba nje ukikishika kwenye shina lake, ndipo ufuate vidole vinne. Vikishafunguka, rudisha kifundo taratibu, shikilia kama nusu dakika. Ukivuta ncha za vidole kwa nguvu vinakaza zaidi. Na ukaushe kiganja, jasho la ngumi linaozesha ngozi.

Mkazi_Makete: Mmenikumbusha bibi mmoja jirani. Ilikuwa Julai, baridi ya huku mnaijua. Mkono unauma, wajukuu wakamwekea chupa ya maji ya moto kiganjani wakamfunga kitenge ili joto likae. Bibi hakusema kitu, wakajua anapata nafuu. Kumbe upande ule hauna hisia. Asubuhi wanafungua kitenge, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada inabaki kwenye kitambaa. Malengelenge mpaka kifundoni. Kidonda kikachukua miezi, na muda wote huo mkono haukuguswa kwa zoezi. Kilipopona, vidole havikufunguka tena.

Dada_Njombe: Jamani!

Mama_Tukuyu: Na jiko la mkaa ni hivyohivyo. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mkono wa mwenye afya, yawe vuguvugu tu.

Babu_Iringa: Bora kuchua na mafuta basi.

KamweneMafinga: Kupaka taratibu sawa, babu. Kukandamiza bega kwa nguvu na kulizungusha, hapana.

Kijana_Mwanjelwa: Na kanga ya shingoni ya kubebea mkono? Wengine wanasema avae kutwa.

KamweneMafinga: Avae akisimama au akitembea. Akikaa ivuliwe, la sivyo kiwiko kinakakamaa kimekunjika.

Dada_Njombe: Huyu wetu kiganja kimevimba, kinang'aa, kina joto, hataki hata shuka liguse. Tumnunulie diklofenaki?

MtuWaUyole: Usinunue dukani, dada. Diklofenaki inapandisha presha, na presha ndiyo ileile inayoleta kiharusi. Mpelekeni hospitali wiki hii. Dalili hizo zikiachwa, viungo vya vidole vinaganda. Akifika aseme kama maumivu ni ya kuchomachoma kama moto, maana hayo yana dawa zake na parasitamoli huwa haiyafikii. Wakati mnasubiri, inua kiganja juu ya mito miwili, pangusa kutoka ncha za vidole kuja kifundoni, na mkono huo usipimiwe presha wala kuchomwa dripu.

Dada_Njombe: Kesho asubuhi tunaondoka naye. Kanga ya kiunoni nimeshaiweka tayari.