Mafundi wa kompyuta Kampala, acheni kutuuzia kadi za grafiki wakati BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, hamjaigusa!

Wadau, nina hasira na sitazipunguza kwa ajili ya mtu.

Duka moja hapa katikati ya mji, jina naliacha, lilinitengenezea kompyuta ya gemu: prosesa ya Ryzen 5 5600G yenye grafiki ndani yake, bila kadi ya grafiki, maana mfuko uliishia hapo. Nyumbani gemu ya mpira inagandaganda. Unapiga shuti, picha inasimama, ikirudi kipa ameshadaka. Nikairudisha. Fundi akaiangalia juujuu: "Ssebo, hii inataka kadi." Kadi yenyewe bei yake inazidi nusu ya mashine nzima! Nilipokataa akanipachikia programu ya "kuongeza kasi" na akadai hela yake. Kazi ya programu hiyo ni kujifungua kila nikiwasha, kuonyesha mshale wa kijani, na kula RAM.

Sasa tuongee RAM. 5600G haina kumbukumbu yake ya grafiki, inatumia RAM ya kompyuta. RAM ikiwa nzito, gemu nayo nzito. Mazabodi ina njia mbili za kumbukumbu, lakini hawa jamaa wameweka RAM moja ya GB 16 badala ya mbili za GB 8. Njia moja imelala usingizi, nami nilishailipia. Halafu kibandiko cha RAM kinasema kasi ni 3200, ila Task Manager ya Windows kwenye Performance, sehemu ya Memory, inasoma 2133. Ndivyo RAM nyingi za aina ya DDR4 zinavyofanya XMP, mpangilio wa kuzipa kasi ya kwenye kibandiko, isipowashwa: zinabaki kwenye kasi ya chini ya usalama. Kuwasha ni kubonyeza Delete mashine ikiwaka, kubadili mstari mmoja ndani ya BIOS, kisha F10 kuhifadhi. Chai haijapoa umemaliza. Fundi mzima, mwenye duka na kibao mlangoni, hajafanya hilo!

Nimewasha XMP mwenyewe, nikashusha vivuli kwenye mipangilio ya gemu na kutoa ile takataka ya mshale wa kijani. Gemu inachezeka. Haijawa laini, kwa sababu ile RAM ya pili bado sina.

Na si mimi peke yangu. Rafiki yangu wa Wandegeya alinunua yenye kadi kabisa pamoja na monita ya hezi 144, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Fundi akachomeka waya wa HDMI kwenye mazabodi, kadi ikabaki pambo. Waya ulipohamishwa, Windows nayo ilikuwa bado kwenye hezi 60, yaani picha inabadilika kila milisekunde 16.7 badala ya 6.9. Amelipia 144 ya nini? Kuhusu vumbi la mji huu na feni zilizoziba sisemi, nitapandisha presha bure. Prosesa ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, na hapo tena utaambiwa ununue kadi.

Ninachotaka ni kidogo: kabla hujapokea hela yangu, fungua Task Manager mbele yangu tusome wote. Duka lenyewe nimelitumia picha ya skrini WhatsApp. Tiki za buluu, kimya.

Kesho naenda na RAM yao mkononi, wanipe mbili za GB 8 au warudishe hela. Anayejua duka Kampala linalobadilisha bila longolongo aandike hapa. Wauza programu za mshale wa kijani, uzi huu hauwahusu.