Kihispania: kwa nini «nakuja» si «vengo»?

Mtembeza wageni, Unguja

Habari zenu, wanajukwaa. Ninatembeza wageni Mji Mkongwe na ninajifunza Kihispania kwa ajili ya kazi hiyo. Juzi mgeni aliyekuwa akinisubiri Forodhani aliniandikia «¿Vienes?», nami, nikiwa bado nyumbani, nikamjibu «Sí, vengo», kwa kuwa kwetu anayeulizwa «unakuja?» hujibu «ndiyo, nakuja». Tulipoonana alinisahihisha kwa upole kwamba nilipaswa kuandika «voy», yaani «nakwenda». Kamusi inasema *ir* ni kwenda na *venir* ni kuja. Sasa inakuwaje nimwambie mtu anayenisubiri kwamba ninakwenda? Na je, *traer* (kuleta) na *llevar* (kupeleka) zina mtego huo huo?

Mkalimani

Kamusi haikukosea, ndugu yangu, ila kuna jambo haikulisema. Katika Kiswahili msemaji anaweza kujiweka upande wa msikilizaji: ukimpigia simu mama aliyeko Pemba utamwambia «nitakuja Ijumaa», ingawa wewe uko Unguja. Kihispania sanifu hakitoi ruhusa hiyo. *Venir* ni kuelekea alipo msemaji, na msemaji anayeondoka alipo hutumia *ir*, hata kama safari yake inaishia miguuni pa huyo anayeambiwa. Mgeni wako alisema «vienes» kwa sababu ulikuwa unaelekea kwake. Wewe ulitakiwa kusema «voy» kwa sababu ulikuwa unatoka kwako. Hata anayebishiwa hodi huitikia «¡Ya voy!» pale ambapo sisi tungesema «Naja!».

*Traer* na *llevar* hufuata njia hiyo hiyo. Mgeni akipiga simu kutoka chumbani atasema «¿Me trae agua?» (unaniletea maji?), nawe ukiwa jikoni utajibu «Ahora se la llevo» (nakupelekea sasa hivi). Ukishafika mlangoni na glasi mkononi, neno linageuka: «Le traigo el agua» (nakuletea maji), kwa maana sasa umesimama pale pale maji yalipoletwa. (*Llevar* ina kazi nyingine nyingi, ikiwemo kuvaa nguo, lakini hizo zinastahili mada yake.)

Mkazi wa Barcelona

Naongezea kidogo. Huku niliko utawasikia baadhi ya watu wakisema «ya vengo» kwa maana ya «naja», kwa sababu Kikatalani, lugha ya wenyeji wa huku, hutumia kitenzi chake cha kuja kama tunavyokitumia sisi. Kwa upande mwingine, Venezuela na Kolombia «ya vengo» husemwa na mtu anayetoka mara moja na kurudi, sawasawa na «nakuja» yetu ile anayoitamka mtu huku akikupa mgongo. Kwa hiyo Mvenezuela angeusoma ujumbe wako angeweza kudhani kwamba ndiyo kwanza unaondoka.

Mtembeza wageni, Unguja

Nashukuruni sana. Basi mgeni akitaka ramani kesho hotelini kwake, nami niko nyumbani, nimwandikie «Mañana le llevo el mapa»?

Mkalimani

Barabara. Naye akikuuliza «¿A qué hora viene?» (unakuja saa ngapi?), usimrudishie kitenzi chake, mwandikie «Voy a las nueve», na usisahau kwamba *las nueve* (saa «tisa») yake ya asubuhi ni saa tatu yako.