Kapteni wa U-852: alistahili risasi, au ilikuwa sheria ya mshindi?

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Tuijadili kesi hii bila jazba.

U-852, nyambizi ya Wajerumani, ilitoka Kiel Januari 1944 kuja Bahari ya Hindi chini ya Heinz-Wilhelm Eck. Jioni ya Machi 13, katikati ya Atlantiki, iliipiga torpedo meli ya mizigo ya Wagiriki, Peleus, yenye watu 35. Meli ikazama upesi, walionusurika wakabaki kwenye machelezo na mbao. Eck akawahoji wachache, kisha akaamuru rashasha na mabomu ya mkono. Alijitetea kwamba shabaha yake ilikuwa mabaki: ndege zikiyaona, nyambizi itawindwa. Waliookolewa ni watatu tu, na meli ya Wareno, zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

Akaizamisha na Dahomian karibu na Cape Town, akapanda kuelekea Pembe ya Afrika. Mei 2 ndege za kivita za Waingereza aina ya Wellington zikamkuta na kuijeruhi nyambizi, isiweze tena kuzama. Siku ya pili ikapanda mwamba pwani ya Somalia. Mabaharia wakatekwa, na kitabu cha safari kikaingia mikononi mwa Waingereza. Oktoba 1945 watano kati yao wakashtakiwa Hamburg mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza, na Novemba 30 Eck, afisa wake Hoffmann na daktari wa nyambizi wakapigwa risasi.

Mimi naona haki ilitendeka. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Haki ya nani, mkuu? Januari 1943 nyambizi ya Marekani, Wahoo, iliizamisha meli ya Wajapani, Buyo Maru, kisha ikawafyatulia risasi watu waliokuwa majini na kwenye mashua. Humo walikuwamo mateka Wahindi, yaani watu wa upande wao wenyewe! Kapteni Morton akapewa nishani kwa safari ile. Eck angekuwa Mmarekani leo tungekuwa tunasoma sifa zake.

Baharia mstaafu

Morton naye alipaswa kushtakiwa, hapo hatubishani. Ila kuponyoka kwa mmoja hakumsafishi mwingine.

Nizungumzie kazi ya bahari. Eck alikaa pale kama saa tano, gizani, akizunguka na kupiga. Nyambizi ya aina ile ikiwa juu ya maji ilipita mwendo wa noti 17, yaani maili 17 za baharini kwa saa. Kwa saa hizo tano angekuwa zaidi ya maili 70 kutoka pale kabla hakujapambazuka. Na doa la mafuta ya meli utalizamisha kwa rashasha? Anayeogopa ndege hukimbia. Shahidi wa utetezi mwenyewe, kapteni mkongwe wa nyambizi aitwaye Schnee, alipobanwa alikiri kwamba yeye asingefanya hivyo.

Mchangiaji wa Mombasa

Mbona hamtaji meli ya Khedive Ismail? Ilitoka kwetu Mombasa Februari 1944 ikiwa na askari wetu wa mizinga wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300. Manowari ya Waingereza Petard ikatupa mabomu ya chini ya maji watu wakiwa bado wanaogelea. Huyo nani alimpeleka Hamburg?

Mwanzisha mada

Hoja nzito hiyo, ndugu yangu, na inauma. Lakini nyambizi ya Mjapani ilikuwa palepale chini, tayari kuzipiga meli nyingine za msafara. Ukiiacha, wanakufa zaidi. Kwenye machelezo ya Peleus kulikuwa na torpedo gani?

Mchangiaji wa kwanza

Sawa, na wadogo je? Mkubwa kaamuru, vitani, wewe mdogo utasema nini?

Baharia mstaafu

Mhandisi mkuu Lenz alisema. Alimpinga Eck pale pale. Kinachonishangaza ni kwamba baadaye naye alishika rashasha, na ndiyo maana alipewa kifungo cha maisha. Schwender, baharia wa kawaida aliyeamriwa, alipata miaka 15. Kwa hiyo mahakama ilipima.

Daktari ndiye simwelewi kabisa. Kufyatua silaha haikuwa kazi yake.

Mchangiaji wa Mombasa

Daktari mwachieni. Mimi bado nangoja jibu la Petard, na jibu lenyewe litoke kwa mtu ambaye babu yake alikuwa ndani ya ile meli.