"Weka Linux tu, itakubali": acheni ushauri huu bila kuuliza prosesa!

Wakuu, hili jambo linakera na linapotezea watu muda na bando. Mtu anauliza kama mashine yake ya zamani ya kazi nzito, yale makasha makubwa yenye prosesa mbili za Intel Xeon na kadi ya picha ya NVIDIA Quadro, inaweza kuendesha Linux. Jibu la kwanza: "weka tu, Linux inakubali popote." La pili hivyohivyo. Hakuna anayemuuliza prosesa ni ipi. Kesho yake anarudi na picha ya skrini nyeusi, na washauri wote kimya.

Picha yenyewe mara nyingi ni hii:

Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2
Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init!

Hapo flashi haina kosa na RAM haijafa, kwa hiyo acheni kumchomesha flashi upya mara tano! Kerneli (kiini cha Linux) imeshapanda vizuri. Kilichogoma ni glibc, maktaba ya msingi ambayo programu huitegemea: imekagua prosesa ikakuta inakosa amri inazozihitaji. RHEL 9 (Linux ya kampuni ya Red Hat) na ndugu zake Rocky na AlmaLinux zinadai kiwango cha prosesa kiitwacho x86-64-v2, chenye amri za SSE4.2 na POPCNT ndani yake. Core 2 na Xeon za rika lake hazina. Kwa Intel amri hizo zilianza na kizazi cha Nehalem mwaka 2008. RHEL 10 imepanda hadi v3, inataka amri za AVX2, ambazo zilikuja na kizazi cha Haswell mwaka 2013. AlmaLinux 10 wametoa pia toleo la v2, ila lazima ulichague mwenyewe unapopakua.

Na hapa ndipo mnapowapoteza watu kabisa. Xeon E5-2670, E5-2670 v2 na E5-2670 v3 si prosesa moja. Mbili za mwanzo zina AVX lakini hazina AVX2. Mtu akikwambia "nina E5-2670" na hukumuuliza hiyo v, bado hujajua kitu.

Kucheki ni dakika kumi. Washa mashine kwa flashi ya live ya Debian (inawasha Linux bila kuisakinisha), fungua terminali, andika `grep -c avx2 /proc/cpuinfo`. Ikirudisha 0, sahau v3. Kisha `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`, ushuke hadi chini kabisa: viwango vyenye neno "supported" pembeni ndivyo prosesa inavyovimudu. Mwenye Core 2 mpelekeni Debian, bado inakubali amd64 ya kawaida, yaani biti 64 bila kudai v2. Mwenye prosesa ya biti 32 msimpe Debian 13, haina tena kisakinishi cha i386 (biti 32). NetBSD na OpenBSD, mifumo huria isiyo Linux, bado zinamjali.

Ila msimwambie mtu kwamba live ikiwaka basi kila kitu kiko sawa. Live ya Debian haithibitishi chochote kuhusu Rocky. Mfano ni kontrola ya diski (chipu inayounganisha diski na mashine) ya LSI SAS1068E, imejaa kwenye mashine hizi. Debian inaiona kwa draiva ya mptsas. RHEL 8 iliiondoa draiva hiyo, kwa hiyo kisakinishi chake kinasema hakuna diski, na mtu anaenda kununua diski mpya bure! Dawa ni diski ya draiva kutoka ELRepo (hazina ya draiva za ziada za RHEL), au kuhamishia nyaya kwenye soketi za SATA za mazabodi. Kontrola hiyohiyo haivuki takriban TB 2 kwa diski moja, hata uweke mfumo gani.

Kadi ya picha nayo ina shida zake. Quadro 2000 na 4000 ni kizazi cha Fermi, draiva yao ya mwisho ya NVIDIA ni toleo la 390. K2000 na K4000 ni kizazi cha Kepler, ya mwisho ni 470. Draiva zote mbili zimeachwa na mtengenezaji, na kwenye kerneli mpya hazijengeki bila viraka. nouveau, draiva huria iliyomo kwenye Linux, italeta picha, lakini Fermi inabaki kwenye kasi ya kuwakia. Kwa kuandika barua inatosha, ila mtu wa 3D mwambieni ukweli mapema abadili kadi.

Diski ya NVMe (SSD ya kasi) kwenye adapta ya PCIe: Linux inaiona, baiosi ya zamani haiwezi kuwakia humo. Weka /boot (sehemu yenye kerneli) kwenye diski ya SATA, pamoja na kizigeu cha EFI kama mashine inawaka kwa UEFI, na mfumo wenyewe ukae kwenye NVMe.

Kuanzia sasa anayeuliza aweke matokeo ya `lscpu` (prosesa) na `lspci -nnk` (kadi na kontrola pamoja na draiva zake), na anayejibu ayasome kabla hajaandika neno. Chini ya kontrola ya diski tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Kama haupo, asisakinishe kwanza. Ukisema mptsas, kumbuka RHEL 8 iliiondoa.