Game Boy inalia ziii tangu niiwekee taa nyuma ya skrini

risasi_moto:
Wakuu habari zenu, nina Game Boy (kile kifaa cha gemu cha mkononi) ile ya kwanza kabisa ya 1989, nimebandua ile karatasi ya nyuma ya kioo (gundi yake ni balaa, ilinitoa jasho) nikapachika paneli ya taa nyeupe, mwanga safi sina malalamiko. Shida ni sauti. Nikiwasha tu spika inalia ziiiii, na nikishusha volyumu gemu inashuka ila ziii ipo palepale. Nimefunga na kisaketi kidogo cha kupunguza mwanga. Nishachomea waya upya mara mbili, wapi. Kapasita (vile vipande vya kutunza chaji) za zamani ndo zimekufa au?

waya_mfupi:
Usiguse kapasita kwanza. Ukiweka mwanga hadi mwisho mlio unaisha?

risasi_moto:
Duh, unaisha kweli! Kwenye nusu ndo unapiga kelele balaa.

waya_mfupi:
Basi mwizi ushamkamata. Hicho kisaketi hakipunguzi umeme, kinauzima na kuuwasha mara mia kadhaa kwa sekunde, jicho haligundui ila sikio linasikia, ukifika mwisho hakuna kuzima tena ndo maana kimya. Na kama ziii haishuki na volyumu ujue inaingia baada ya kile kigurudumu cha volyumu, kwenye amplifaya yenyewe. Mimi ningekitoa tu niweke rezista (kipande cha kuzuia umeme usipite mwingi), taa nyeupe moja inakula kama volti 3, kwenye laini ya volti 5 omu 100 inakupa miliampia 20 hivi, usiku unaona vizuri tu.

mzee_kapasita:
Si lazima akitoe bana. Weka rezista ya omu 10 kwenye waya chanya unaoingia kwenye kisaketi, halafu kapasita ya maikrofaradi 470 kutoka hapo kwenda hasi, ikae jirani kabisa na kisaketi, ukiiweka kule kwenye betri umefanya kazi bure. Iwe ya volti 10 kwenda juu na usigeuze miguu, mimi niligeuza siku moja ikanipasukia usoni, miwani ndo iliniokoa. Halafu hasi ya taa umeichukulia wapi?

risasi_moto:
Kwenye mguu wa hasi wa spika, ulikuwa karibu 😅

mzee_kapasita:
Ahaaa. Yaani umeme wa taa unarudi kwa njia ileile ya sauti halafu unashangaa unausikia? Toa hapo, vuta waya wake peke yake mpaka hasi ya betri, tena usiupitishe sambamba na waya za spika.

risasi_moto:
Mrejesho wakuu. Kuhamisha hasi peke yake kelele imepungua zaidi ya nusu, nilipoongeza omu 10 na kapasita ndo ikabaki kitu kidogo sana mpaka utege sikio kwenye matundu ya spika. Ila kapasita nimeilaza ubavu na kava bado haifungi vizuri, skrubu moja ya kona nimeiacha nje.