MREJESHO: Asili na uadimu wa jina Schimmelpfennig

Wakuu, niliuliza jina hili la Kijerumani limetoka wapi na kwa nini halionekani sana. Majibu yenu yamenifikisha mbali, asanteni mno.

Ni jina la utani la zamani: Schimmel ni ukungu, Pfennig ni senti. Alibandikwa bahili aliyekalia hela mpaka zikaota ukungu.

Uadimu wake kwa sehemu ni suala la tahajia. Kuna Schimmelpfeng, kuna Schimmelpenninck la Uholanzi, na Schimmelfennig, kama anavyoandikwa Alexander Schimmelfennig, jenerali wa Marekani aliyezaliwa Bromberg, Prussia (dola la Kijerumani la zamani), mwaka 1824. Kwa hiyo ukitafuta kumbukumbu mtandaoni, andika Schimmelp*, kisha Schimmelf* (nyota husimamia herufi zozote zinazofuata). Katika Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, e na n hufanana mno, hivyo sehemu ya -ennig ndiyo wanakili huikosea zaidi. Fungua picha ya ukurasa wenyewe wa kumbukumbu, usiishie kwenye faharasa.

Pia, ramani zinazoonyesha jina limeenea wapi, zilizotengenezwa kwa vitabu vya simu, huhesabu laini za simu, si watu.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874, na Ujerumani nzima 1 Januari 1876. Kumbukumbu za vizazi hufunguliwa baada ya miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Za nyuma zaidi zimo vitabuni mwa makanisa: kwa Waprotestanti anzia tovuti ya Archion, kwa Wakatoliki tovuti ya Matricula.